Kwa baiskeli kutoka Maskati: njia, majira na hatari zake

Maskati, mji mkuu wa Oman, umebanwa baina ya bahari na milima. Kwa mwendesha baiskeli, hali hiyo ina maana moja: kila njia itokayo mjini ama hufuata ufuo wa bahari, ama hupanda jabali. Lami ni nzuri, mandhari ni ya kuvutia na wenyeji wa vijijini wanasifika kwa ukarimu.

Hata hivyo, safari ya baiskeli nchini Oman haipimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa kwanza kwa mwezi wa kusafiri, kisha kwa saa ya kuondoka, na mwisho kwa umbali uliopo baina ya kituo kimoja cha maji na kingine. Anayezingatia vipimo hivyo vitatu huiona nchi kwa raha. Anayevipuuza huhatarisha maisha yake.

Utalii wa baiskeli unaosifika zaidi duniani ni ule wa vijijini Ufaransa. Huko vijiji vimekaribiana, na msafiri aliyeishiwa maji hupata bomba la kijiji, duka la mikate, au hata bomba la makaburini. Oman ni kinyume. Baina ya mji na mji, msafiri anaweza kunyonga baiskeli kwa muda wa saa mbili bila kuona nyumba wala mti wenye kivuli.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, wakiwemo wale waishio Oman kwa kazi, masomo au kwa jamaa zao, njia hizi zina mvuto wa ziada. Nyingi hupita katika miji ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa na uhusiano wa karibu na Unguja, Mombasa, Kilwa na bara la ndani.

Majira ya kaskazi

Msimu wa baiskeli nchini Oman huanza Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Machi. Kwa kiasi kikubwa, hayo ndiyo majira ya pepo za kaskazi, ambazo zamani zilivisukuma vyombo vya Sur na Maskati hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Januari joto la mchana mjini Maskati huwa kiasi cha nyuzi 25 za Selsiasi, na usiku hushuka chini ya 20.

Kuanzia Mei hadi Septemba mambo hubadilika kabisa. Joto la mchana hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na unyevunyevu wa bahari huzuia jasho kukauka mwilini. Mwezi Juni 2018, mji wa Qurayyat, kusini mashariki mwa Maskati, ulipitisha saa 24 bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo.

Sheria za kazi za Oman zinakataza kazi za nje baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kuanzia Juni hadi Agosti. Ikiwa mjenzi wa barabara anaamriwa akae kivulini saa hizo, mtalii wa baiskeli hana sababu ya kuwa juani.

Jambo jingine ni urefu wa mchana. Mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam amezoea mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Mwezi Desemba mchana wa Maskati haufiki saa 11, na jua likishatua nyuma ya milima giza huingia upesi. Inafaa kuondoka alfajiri, na taa ziwe tayari hata kwa anayetarajia kurejea mapema.

Njia ya kwanza: Muttrah hadi Qantab

Njia hii ni fupi na inafaa kwa siku ya kwanza. Huanzia katika barabara ya ufuoni ya Muttrah, mbele ya soko la kale na bandari, ikapita bustani ya Riyam yenye mnara mkubwa mweupe wa umbo la chetezo, kisha ikaingia Maskati ya kale. Hapo zipo ngome mbili, Jalali na Mirani, zinazotazamana juu ya ghuba ndogo.

Ngome hizo zilijengwa upya na Wareno katika karne ya 16, muda mfupi kabla ya wao kuanza Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Waomani waliwafukuza Wareno kutoka Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698 wakaiteka ngome ya Mombasa. Mgeni atokaye Mombasa atatambua mara moja kuwa kuta hizo zina ukoo mmoja.

Baada ya Maskati ya kale, barabara hupita Sidab na Al Bustan, kisha huanza kupanda na kushuka kuelekea Qantab na Al Jissah. Miinuko ni mifupi lakini mikali, na kona za kuteremka zinahitaji breki zilizo katika hali nzuri. Wenye nguvu huendelea hadi kijiji cha pwani cha Yiti. Ijumaa asubuhi, ambayo ni mapumziko, magari huwa machache na ndio wakati mzuri kuliko wote.

Wanaotaka mazoezi ya mlima bila kwenda mbali huifuata barabara inayounganisha Bawshar na Al Amerat. Hii hupanda jabali kwa zaidi ya kilomita tatu na humwonyesha mwendeshaji sehemu kubwa ya mji kwa chini. Magari huwa mengi jioni, kwa hiyo asubuhi na mapema ndiyo inayopendekezwa.

Njia ya pili: pwani hadi Sur

Kutoka Maskati hadi Sur ni safari ya takriban kilomita 200, nayo hugawanywa katika siku mbili au tatu. Siku ya kwanza humfikisha msafiri Qurayyat, mwendo wa kilomita kati ya 80 na 90 wenye milima mingi. Baada ya hapo barabara kuu hufuata bahari, upande mmoja ukiwa maji ya buluu na upande wa pili milima iliyo kavu.

Njiani kuna shimo maarufu la Hawiyat Najm lenye maji ya kijani, na makorongo ya Wadi Shab na Wadi Tiwi yenye mitende na migomba. Karibu na Sur yapo magofu ya Qalhat, mji wa bandari wenye kaburi la Bibi Maryam, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Msafiri Ibn Battuta alifika Qalhat katika karne ya 14, baada ya safari iliyomfikisha Mogadishu, Mombasa na Kilwa.

Sur yenyewe ilikuwa mji wa mabaharia na mafundi wa majahazi. Jahazi Fatah al-Khair, lililoundwa huko mwaka 1951, limehifadhiwa nchi kavu ili wageni walitazame. Si ajabu kukutana mjini humo na mzee anayekijua Kiswahili, ama kwa kuzaliwa Unguja, ama kwa kulelewa na waliotoka huko.

Upungufu mkubwa wa njia hii ni kivuli. Vituo vya mafuta ndivyo vituo vya maji, na baina ya kimoja na kingine ni mwendo mrefu. Msafiri ajaze chupa zote kila anapopata nafasi, hata kama bado zina maji.

Njia ya tatu: Nizwa na Mlima wa Kijani

Nizwa ipo kiasi cha kilomita 160 kutoka Maskati, ndani ya bara. Barabara hupanda pole pole kupitia Fanja na pengo la Sumail, ambalo tangu zamani ndilo mlango wa kupita baina ya pwani na bara. Barabara kuu ina magari mengi yaendayo kasi. Wengi hupendelea barabara za zamani zinazopita vijijini, ingawa huongeza muda wa safari.

Nizwa ina ngome yenye mnara mkubwa wa mviringo, uliojengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule yule aliyewafukuza Wareno kutoka Maskati. Ijumaa asubuhi hufanyika mnada wa mbuzi na ng'ombe, ambao kelele na mabishano yake hayatamshangaza mtu wa Afrika Mashariki. Mji wa Bahla, ambao ngome yake iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, uko kiasi cha kilomita 40 mbele ya Nizwa.

Kabla ya kufika Nizwa kuna mji wa Birkat al-Mawz, ambao jina lake linataja birika na ndizi. Hapo ndipo huanza barabara ya Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, hadi uwanda wa Saiq ulio kwenye kimo cha karibu mita 2,000. Magari yasiyoendeshwa kwa magurudumu yote manne huzuiliwa na polisi chini ya mlima, kwa sababu breki nyingi zimeshindwa katika mteremko huo.

Juu mlimani hulimwa waridi na makomamanga. Usiku wa majira ya baridi, joto linaweza kukaribia nyuzi sifuri. Aliyeondoka pwani akiwa na fulana moja tu atajuta.

Mashindano na kijana kutoka Nairobi

Mlima huo ulipata umaarufu duniani kutokana na mashindano ya Tour of Oman, yaliyoanza mwaka 2010 yakisimamiwa na kampuni ya Kifaransa inayoandaa Tour de France. Mshindi wa kwanza alikuwa Fabian Cancellara wa Uswisi. Tangu mwaka 2011 Mlima wa Kijani umekuwa ukiamua mara nyingi nani atashinda. Wapanda baiskeli hupanda kilomita 5.7 zenye mwinuko wa wastani wa zaidi ya asilimia 10, yaani hupanda karibu mita 600 bila ya nafuu ya maana.

Mwaka 2013 na 2014 mshindi alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Alijifunza mbio za baiskeli katika vilima vya Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, chini ya Mkenya David Kinjah. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza, na baadaye akashinda Tour de France mara nne.

Mashindano hayakufanyika mwaka 2020, kufuatia kifo cha Sultan Qaboos bin Said mwezi Januari, wala mwaka 2021 kwa sababu ya janga la corona. Yalirejea mwaka 2022, na Mwingereza Adam Yates aliyashinda mwaka 2024 na 2025. Tangu mwaka 2023 hutanguliwa na mbio za siku moja za Muscat Classic.

Hata mabingwa wamewahi kushindwa na hali ya hewa. Mwezi Februari 2015, hatua ya tano ilivurugwa kwanza na dhoruba ya mchanga. Ilipoanzishwa upya mahali pengine, joto na breki zilizopata moto vilisababisha tairi kupasuka katika mteremko. Waendeshaji walisimama chini ya daraja wakakataa kuendelea, na hatua hiyo ikafutwa. Watu hao walikuwa na mafundi, madaktari na magari ya maji nyuma yao. Mtalii hana hata kimoja cha hivyo.

Mahali penye maji

Msafiri wa Oman anapaswa kujua mahali pa kupata maji. Pa kwanza ni misikiti: mingi ina jokofu la maji ya sabili nje, lililowekwa kwa ajili ya wapita njia wa kila dini. Pa pili ni vituo vya mafuta na migahawa midogo ya barabarani, inayouza chai ya maziwa yenye iliki na chapati kwa bei nafuu.

Pa tatu ni vijiji vyenye falaji, yaani mifereji ya kale inayoleta maji kutoka chini ya milima hadi mashambani. Mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa na Falaj al-Khatmayn wa Birkat al-Mawz, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hugawanywa kwa zamu inayofuatwa kwa makini: mwanzo wa mfereji ni kwa kunywa, na mbele yake ni kwa kuoga na kumwagilia. Mgeni haruhusiwi kutia sabuni wala kusafishia mnyororo wa baiskeli humo.

Katika joto, mwili wa mwendesha baiskeli unaweza kupoteza karibu lita moja ya maji kwa saa. Maji matupu hayatoshi, kwa kuwa chumvi nayo hutoka pamoja na jasho. Tende, ndizi na kitu chenye chumvi kidogo husaidia. Mtu akianza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa au kuacha kutoka jasho, safari imekwisha: alazwe kivulini, amwagiwe maji, na msaada uitwe mara moja. Nambari ya dharura ya polisi wa Oman ni 9999.

Wadi inaposhuka

Hatari ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Wadi ni bonde la mto ambalo huwa kavu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa kasi hata mahali ambapo anga ni nyeupe. Mwezi Juni 2007 kimbunga Gonu kiliua watu wapatao 50 nchini Oman na kuharibu barabara za Maskati, Qurayyat na Sur. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliua watu wasiopungua 19, wakiwemo wanafunzi ambao gari lao lilisombwa na maji huko Samad al-Shan.

Barabara nyingi za vijijini huvuka wadi bila daraja, na pembeni huwekwa nguzo zenye rangi nyeupe na nyekundu za kupimia kina. Maji yakiwa yanakwenda, hakuna kuvuka, hata kama yanafika kwenye kifundo cha mguu tu. Kuvuka wadi iliyofurika kwa makusudi ni kosa kisheria. Aidha, asipige mtu hema ndani ya wadi, hata kama mchanga wake unaonekana laini na upepo haufiki.

Sheria na adabu za barabarani

Oman huendesha upande wa kulia. Watokao Tanzania, Kenya na Uganda, ambako huendeshwa kushoto, wawe waangalifu hasa asubuhi ya kwanza na katika mizunguko ya barabara, ambapo mazoea ya nyumbani hurudi bila mtu kujitambua. Nguo zenye rangi kali, kofia ngumu na taa ya nyuma ni vya lazima kwa anayejali usalama wake. Mbuzi, punda na ngamia huvuka barabara wakati wowote.

Vijijini, mavazi ya kubana ya baiskeli hayapendezi. Ni heshima kuvaa suruali au kikoi juu yake kabla ya kuingia sokoni au katika kijiji kama Misfat al-Abriyeen, ambako wageni huombwa kufunika mabega na magoti. Kupiga picha za watu, hasa wanawake, huanza kwa kuomba ruhusa.

Mwezi wa Ramadhani, kula na kunywa hadharani mchana hakuruhusiwi. Katika miaka hii mfungo unaangukia majira ya baridi, ndani ya msimu wenyewe wa baiskeli. Ni vyema kuikagua kalenda kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Salamu hufungua milango. Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki walihamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Watoto na wajukuu wao wapo Maskati, Nizwa, Ibra na kwingineko. Anayesema "shikamoo" mbele ya duka anaweza kujibiwa "marahaba", kisha akaletewa kahawa na haluwa.

Vifaa vya safari

Mafundi baiskeli wapo Maskati, lakini nje ya mji mkuu ni wachache. Msafiri abebe tyubu mbili, viraka, pampu, kiungo cha ziada cha mnyororo na ufunguo wa spoki. Tairi pana kidogo hustahimili mawe ya kandokando ya barabara. Kwa milima ya bara, gia nyepesi ni muhimu kuliko baiskeli ya bei kubwa. Kwa mizigo, keria ya nyuma ni bora kuliko mkoba wa mgongoni, ambao huongeza joto mwilini.

Kabla ya kuondoka, amwachie mtu mjini maelezo ya njia atakayopita na saa anayotarajia kufika, kwa kuwa simu hazishiki mtandao katika baadhi ya mabonde. Asubuhi hiyo hiyo asikilize utabiri wa hali ya hewa. Na ikifika saa nne asubuhi, kama hajafika nusu ya njia na chupa zake zimeshapungua chini ya nusu, basi ageuze usukani arudi alikotoka.